Kilomita Arobaini na Sita

Tarehe 12 Januari

Wifi yangu wa pekee,

Salamu ziwe nyingi kuliko mashuka ninayokunja kwa siku, na kwa siku tunakunja mia nne, sasa piga hesabu mwenyewe. Hali yako? Goti linaendeleaje? Na kaka yangu hajambo, au bado anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta? Huku sisi wazima. Kifua kilinibana wiki iliyopita lakini kimeachia, nadhani kilichoka kunisikiliza.

Nimeamua kukuandikia maana ulisema kwenye simu hupati hata nafasi ya kusema haloo. Sawa. Kwenye barua nitaongea mpaka karatasi iishe, halafu zamu yako, na hakuna wa kukukatiza. Haya, kaa chini. Umekaa? Wifi, nimeanza kukimbia!

Usicheke. Najua unacheka, nimekusikia mpaka huku. Na aliyeniponza ni wewe. Siku ile ulipokuja kwetu ukaamka asubuhi ukavaa viatu vyako ukatoka, mimi nikabaki dirishani na kikombe cha chai nikisema huyu mwanamke wa miaka hamsini na nne anamkimbia nani? Ulirudi baada ya saa nzima na nusu, umelowa kama nguo iliyotoka mashineni, halafu uso wako unang'aa! Mi nikasema moyoni, hicho anachokipata huko barabarani hata mimi nakitaka.

Basi kuna kikundi kinakimbia uwanja wa shule, nyuma ya hospitali yetu. Kiongozi wao alikuwa refa zamani, tunamwita Kipenga, mzee mkavu kama kuni. Siku ya kwanza akatupanga akasema, "Sikilizeni. Anayeanza asikimbie kwa sifa. Kimbia mwendo ambao unaweza kuongea. Ukiona maneno hayatoki, punguza."

Wifi, si ndiyo sheria yangu hiyo? Nikaondoka! Naongea na huyu, nampita, namkuta mwingine, naongea naye, nampita. Kila nikijipima maneno yanatoka, nikajua basi niko sawa. Mzunguko wa sita nikaenda nyuma ya goli nikatapika chai yote. Na hata pale nilikuwa bado namwelekeza yule dada aliyenishika mgongo jinsi ya kutoa doa la damu kwenye shuka. Kipenga akaja, akaniangalia, akasema, "Wewe kipimo chako ni kingine. Wewe ukinyamaza, tuite gari la wagonjwa." Tangu hapo jina langu ni Redio. Mpaka kazini limefika.

Sasa nimeshafika kilomita nane bila kutapika. Nataka uniambie habari za mbio zile ndefu, maana kwenye kikundi wote wanaongea lakini hakuna aliyekimbia ile nzima, ya kilomita arobaini na mbili. Niliposema wifi yangu ameijaribu mara mbili wakageuka wote kunitazama. Kipenga alivua kofia. Nakwambia alivua kofia, na hana nywele.

Nijibu upesi.

Ni mimi,
Wifi yako Redio

—

Tarehe 2 Februari

Wifi,

Barua yako imefika, kurasa nane. Nimeisoma kwa awamu tatu, kama dawa. Hatujambo. Kaka yako anakoroma. Goti lipo.

Nimefurahi unakimbia. Kata kucha za miguu siku tatu kabla ya mbio, usikate siku ile ile. Paka mafuta mazito mapajani na chini ya sidiria. Usivae soksi mpya. Kila kituo cha maji kunywa, hata kama huna kiu. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Kuhusu ile nzima, usiwaambie watu nimeijaribu kana kwamba ni sifa. Nimeijaribu, sijaimaliza. Mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi na mstari unafungwa saa sita mchana. Masaa sita. Nyuma ya mtu wa mwisho kuna basi linatembea polepole, limewasha taa. Wanaliita basi la huruma. Likikufikia, mtu anashuka, anakushika bega, anasema mama, panda.

Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza kilomita ya thelathini na moja, mara ya pili ya thelathini na tano. Ndani ya lile basi hakuna anayeongea. Watu wazima wamekaa wamejifunika taulo, wananuka dawa ya kuchua, kila mtu anatazama dirishani kwake. Wewe ungekufa humo. Likifika uwanjani linapita mlango wa nyuma, ili msipite mbele ya watu. Wanafanya hivyo kwa wema, lakini ule mlango wa nyuma nauota.

Mimi kazini nasimama. Tangu alfajiri nasimama mbele ya tanuri, natoa trei za mikate, naingiza nyingine. Zamu ikiisha saa tisa alasiri miguu imevimba, ndipo navaa viatu naenda kukimbia. Miaka minne sasa. Wenzangu wa kiwandani wanasema mikate imenipanda kichwani.

Mwezi uliopita nilienda kwa daktari wa mifupa. Aliangalia picha ya goti muda mrefu. Akasema, "Mama, goti hili lina mbio moja ndefu iliyobaki. Mbili halina. Ukitaka kutembea vizuri ukiwa bibi, chagua moja." Nimechagua ya mwezi wa nne. Hii ndiyo ya mwisho, na safari hii nataka kupita mlango wa mbele kwa miguu yangu. Sitaki kingine.

Mke wa kaka yako,
Wifi

—

Tarehe 20 Februari

Wifi yangu, chuma changu,

Hujambo na goti lako hilo la mbio moja? Huku tu wazima, tunasukuma siku.

Barua yako nimeisoma mara tano na mara ya tano nililia juu ya foronya za wodi ya wazazi. Mwenzangu wa kukunja aliniuliza nani kafa. Si unajua mashuka tunakunja wawili wawili, huyu anashika ncha hii, yule ile, mnaendeana mnakutana katikati, basi kila tukikutana namsimulia kipande. Mpaka mashuka ya siku yakaisha na yeye analia. Sasa kufulia kote wanakuombea, pamoja na fundi wa mashine ya kukamulia, na yule hamwombei mtu.

Wifi, unasema si sifa? Mtu anasimama mbele ya moto tangu alfajiri halafu anaenda kukimbia kwa hiari! Mimi nikisimama kwenye foleni ya benki tu natafuta pa kukaa.

Sasa sikiliza. Nimejiandikisha. Mbio hizo hizo za mwezi wa nne, lakini ile nusu, kilomita ishirini na moja. Kipenga kanipima, kasema naiweza. Na nimeuliza: nusu na nzima zinaanza pamoja, mnakwenda pamoja kilomita kumi na moja mpaka mzunguko wa barabara wenye saa, pale ndipo mnaachana. Niruhusu nikimbie na wewe hizo kumi na moja. Nitakutoa mawazo, usiusikie mguu. Nina kisa cha msimamizi wetu, nimekihifadhi, sijakisimulia popote, na unajua kunihifadhisha kisa ni kama kuhifadhi maji kwenye chujio.

Sema ndiyo.

Wifi yako Redio

—

Tarehe 10 Machi

Wifi,

Salamu. Tu wazima.

Ndiyo. Lakini kwa mwendo wangu, si wako. Dakika nane na kidogo kila kilomita, usinivute. Kaka yako atakupokea stendi Ijumaa. Kitanda kipo.

Na mimi ningependa kusikia sauti ya mtu. Miaka yote nimekimbia peke yangu.

Wifi

—

Tarehe 1 Mei

Wifi yangu,

Nakusalimu, na sijui kama salamu yangu unaitaka. Goti? Vidole? Umeanza kushuka ngazi? Kaka yangu simuulizii hali maana naijua: amekasirika. Nimempigia mara tatu. Mara ya tatu alipokea akasema, "Redio, zima," akakata. Mdogo wake wa tumbo moja!

Siku ile hukuniaga. Ulipanda gari, mimi nikaenda kuchukua mfuko wangu, nikapanda basi la kurudi kwangu na medali imening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kwa hiyo naandika upande wangu hapa, uusome ukipenda, ukipenda uwashie jiko.

Tulianza vizuri, si kweli? Wewe na namba yako nyekundu ya mbio nzima, mimi na yangu ya kijani ya nusu. Ulikuwa unakimbia kama saa ya ukutani, tik tak, hupandi hushuki. Watu wanatupita na mbwembwe, baada ya dakika kumi tunawakuta wameshika viuno. Nilijisikia kama natembea na mke wa waziri. Halafu ndiyo nikaanza kile kisa cha msimamizi. Nilikuwa nimefika pale anapoleta foronya zake za nyumbani kisirisiri, anazichanganya na za wagonjwa ili afuliwe bure, sisi tunafungua mashine tunakuta foronya ina duara jeusi tii, na kumbe siku zote tunamsifia mzee huyu hana mvi hata moja! Na wewe ulikuwa unacheka. Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Mimi nikiongea lazima nimtazame mtu usoni, kwa hiyo nilikuwa nakimbia upande upande kama kaa. Ule mzunguko wenye saa sikuuona, kibao sikukiona, wala watu wa bendera. Nilifuata tu kijani wenzangu, nikakata kulia, na wewe ukanifuata mimi.

Kilomita mbili nzima, Wifi. Mpaka kituo cha maji, yule mama wa vikombe akapiga kelele, "Kijani kazeni, mmebakiza nane!" Nikasema nane? Nikaangalia kifua chako. Nyekundu.

Nilikaa barabarani kwenye lami, nikajipiga kichwa, sijui hata nilisema nini. Wewe ulisimama ukaniangalia. Ukaangalia mbele, ukaangalia nyuma. Halafu ukageuka ukaanza kurudi tulikotoka, tik tak. Nikakuita. Hukugeuza shingo.

Mimi nilimaliza nusu yangu, wananipigia makofi nalia, wanadhani nalia kwa furaha, mtu akanipiga na picha. Nikamkuta kaka yangu mstarini ameshika taulo lako. Nikamwambia. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema, "Kwa hiyo ana kilomita nne za ziada." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwenye goti lile."

Saa tano. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro watu wanaingia wanayumba. Saa sita juu ya alama wakafunga. Basi la huruma likaja, likapita mlango wa nyuma, nikakimbilia huko, nikasimama mlangoni namhesabu kila anayeshuka. Wewe hukuwemo. Nikamshika dereva shati: kuna mama mwenye nyekundu! Akasema, "Mama, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mimi ndiye wa mwisho." Nikadhani umeanguka mtaroni. Kaka yangu alikuwa amekaa palepale na taulo. Akasema, "Yuko nyuma ya basi. Atakuja."

Wale vijana wa kampuni iliyoandaa mbio wakaanza kubomoa. Lile lango la kujazwa upepo pale mstarini, wakachomoa pampu, likaanza kulala. Niliwaomba, wakasema wana amri. Niliwasemesha, nilijaribu kila kitu, kisa cha foronya nilikisimulia chote na wakacheka kweli, lakini mikono ikawa inaendelea na kazi. Lango likalala chini kama hema lililoangukiwa na mvua. Mikeka ya kuhesabia muda wakaikunja. Jukwaa, viti, spika, vyote kwenye lori.

Saa sita na dakika arobaini na moja nikakuona.

Ulikuwa unakuja kando ya barabara, magari yameshafunguliwa, yanakupita na honi. Mguu mmoja unaukimbiza, mwingine unaukokota, lakini unakimbia, Wifi, hukuwa unatembea! Umechubuka kwapani mpaka fulana ina damu. Mfagiaji aliyekuwa anakusanya vikombe akaegemeza ufagio akapiga makofi, peke yake. Dereva wa basi akashuka akasimama wima. Ukafika pale lango lilipolala, ukalitazama, ukalizunguka ukapita. Kilomita arobaini na sita. Nimewauliza watu wote wa kikundi, hakuna hata mmoja mwenye habari ya mtu wa kawaida, wa kazi za mikono, aliyefanya hivyo. Kipenga alipiga hesabu kwenye kiganja akakaa chini.

Na kwenye orodha yao wameandika hukumaliza.

Nilikuvalisha medali yangu. Ulisema, "Hiyo yako," ukanirudishia. Ndiyo neno la mwisho nililolisikia kwako.

Mbio moja iliyobaki kwenye goti, nami nimeitumia kusimulia foronya. Nisamehe. Ukishindwa, niambie umeshindwa, lakini niambie.

Mkosaji wako,
Wifi

—

Tarehe 8 Juni

Wifi,

Hamjambo huko? Mimi mzima wa mwili.

Wiki ya tano hii, kila nikipita kwa yule wa posta ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo. Sitaki kukusumbua. Nakuarifu tu kwamba kilomita zako arobaini na sita zinatembea mji mzima. Nimesimulia kufulia, nimesimulia jikoni, nimesimulia wodi ya mifupa kwa wagonjwa ambao hawawezi kuondoka. Kuna bibi amewekewa chuma kwenye nyonga, alikuwa amegoma kushuka kitandani, siku ya pili yake akaomba magongo. Akasema, "Kama yule wa mikate aligeuka akarudi, na mimi naenda mpaka chooni." Akaenda.

Na kila nikisimulia nasema ukweli wote, kwamba kuna mwanamke mjinga mwenye mdomo mrefu aliyempoteza, na mwanamke huyo ndiye mimi. Wanacheka, nacheka nao, halafu usiku silali.

Kaka bado hapokei. Shangazi alifanya kikao cha familia, nilipoingia mjomba akasema, "Jamani tuweke vibao, Redio asije akatupotezea mgeni." Nilicheka. Ilibidi nicheke.

Kama goti limeharibika kabisa, usinifiche. Nitakuja kukufulia na kukupikia mpaka lipone.

Wifi yako

—

Tarehe 17 Agosti

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Goti limepoa. Natembea bila fimbo, ngazi nashuka kwa upande, kazini wamenipa kigoda. Kukimbia hizo ndefu basi, daktari amesema na mimi nimekubali. Kaka yako mzima.

Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Hii ya tano nitaituma leo leo kabla sijaisoma tena.

Kibao nilikiona.

Nilikiona tangu mbali. Nyekundu mbele, kijani kulia. Yule mtu wa bendera alininyooshea mkono kabisa, akaniambia mama, mbele. Nilimtikisia kichwa nikakata kulia na wewe.

Goti lilikuwa limeanza kilomita ya sita. Sikukuambia. Nilikuwa nacheka huku nasikia kama mtu ananichomeka bisibisi. Nilipogeuka nyuma pale kwenye mzunguko nikaona zile taa za basi. Na mbele barabara ilikuwa tupu, ndefu, imenyooka. Kulia kulikuwa na watu, vikombe vya maji, ngoma. Nikasema moyoni, nikienda na huyu nitapita mlango wa mbele na kundi la kijani, watanipigia makofi, na watu wakiuliza, nitasema wifi yangu na maneno yake alinipoteza. Kila mtu ataamini. Watacheka. Aliyepotea hasemwi kama aliyeshindwa. Yote hayo niliyafikiri katika hatua tatu au nne, wewe uko kwenye foronya.

Ningefika mwisho hivyo hivyo, usidhani ningetubu. Lakini ulikaa chini kwenye lami. Unasema hukumbuki ulichosema. Mimi nakumbuka. Ulisema, "Nimemmaliza wifi yangu, miaka minne yake nimeila kwa mdomo wangu." Na unajipiga. Nilitaka kukuambia nyamaza, nilikiona. Mdomo ukakataa. Kwa hiyo nikageuka nikakimbia, maana nilikuwa siwezi kuendelea kukutazama. Huo ushujaa unaousimulia mji mzima, nilikuwa nakukimbia wewe.

Nilipofika kwenye mzunguko watu wa bendera walikuwa wanakunja vitu. Basi lilikuwa limeshapita. Kwa hiyo safari hii mimi ndiye niliyelifukuza. Masaa manne na nusu nalifukuza basi ambalo silioni. Kituo cha maji kimefungwa, nikanywa mabaki kwenye ndoo. Kila kilomita nilisema ijayo nasimama, nitakaa ukingoni, nitamwambia wifi ukweli. Kila ikifika naona kukimbia ni rahisi kuliko kukuambia.

Halafu nilikukuta mstarini unanivalisha medali yako. Ningeipokeaje?

Kimya changu hakikuwa hasira. Nilikuwa namsikiliza kaka yako akikusema mezani, nami nachukua kijiko nakula. Miezi minne. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko kibao.

Sijamwambia. Nikipata jibu lako nitamwambia siku hiyo hiyo, na shangazi, na mjomba. Wewe nawe wasimulie wa kufulia, wa jikoni, na yule bibi wa nyonga. Ni haki yako. Usinionee huruma.

Wifi yako, kama bado

—

Tarehe 24 Agosti

Wifi yangu, na bado ni wangu, utaenda wapi,

Salamu zangu na za wanangu na za goti langu la kushoto ambalo sasa nalo limeanza kujifanya msomi. Nimefurahi unatembea bila fimbo. Hicho kigoda usiwarudishie.

Barua yako ilinifikia kazini, asubuhi, mashine ya pili inakamua. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaingia stoo ya sabuni nikaisoma tena. Nilikasirika, sitakudanganya. Nilikasirika kama robo saa. Nilisema yule mwanamke! Mimi nimekosa usingizi, yeye anakula na kijiko! Nilipiga teke gunia la sabuni na kidole kimevimba mpaka leo, kwa hiyo mbio za Jumamosi umeniharibia, sasa tumelipana.

Halafu hasira ikaisha nikabaki na wewe kule barabarani.

Wifi, wewe una kichwa kizuri lakini hapa umekosa hesabu. Kama hukukiona kibao, ulirudi kwa sababu njia yako ilikuwa kule, basi, hata mimi ningerudi, ningelalamika lakini ningerudi. Lakini ulikiona. Uliogopa, ukapata mlango wa kutokea, ukatoka kabisa, hakuna aliyejua, mjinga wa kubebeshwa yupo tayari anaongea pembeni yako. Kilomita mbili ulikuwa salama salimini! Na ukarudi. Unasema ni aibu ndiyo ilikurudisha. Haya, na iwe aibu. Hiyo aibu ina mapafu gani, masaa manne na nusu na ndoo ya mabaki ya maji? Mimi aibu yangu hunifikisha mpaka stoo ya sabuni tu.

Mie nilikuwa nakusifu kwa ajili ya miguu. Kumbe nilikuwa sijakusifu bado.

Sasa nikuambie la kufanya, na angalau leo unisikilize, huwezi kunikatiza. Usimwambie kaka yangu. Mwambie tu anipigie, umeshanisamehe, na kwamba akikataa utampikia uji mwezi mzima. Mjomba mwache na vibao vyake, ana kitu cha kusema vikaoni, zamani alikuwa hana. Na huku kwangu kisa kimeshakaa watu wanavyokijua: kulikuwa na mwanamke mdomo mrefu, akampoteza wifi yake, na wifi yake akageuka. Yule bibi ameshafika mpaka getini kwa magongo. Nani atamwendea kumwambia vingine? Mimi? Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kuliko chochote maishani, sasa hata mimi nimekizoea.

Mwezi wa kumi na moja kuna mbio za kilomita tano, za kutembea, za watu wa kisukari na wazee na wenye magoti. Nimetuandikisha. Barabara ni moja, inanyooka, haina kona.

Barua yako nimeichoma kwenye tanuru la kuchemshia maji ya kufulia. Nilikuwa nimeificha kifuani tangu asubuhi, tumekunja mashuka mia mbili nayo iko hapo inanikwaruza, na kila tukikutana katikati mwenzangu ananikazia macho. Mwisho akashindwa. "Redio, si barua ya wifi yako ile? Anasemaje?"

Nikamwambia ananisalimu.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akasimama na ncha za shuka mkononi, akaniangalia usoni, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono kuona kama nina homa.

Wifi yako